Mkanda wa Hariri wa Wusi

Inspekta Rita Wakesho alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza. Ukimwambia chai imeiva, atataka kujua nani kaionja. Mkuu wake wa upelelezi, Bwana Hillary, alizoea kusema kwamba ukimtuma Rita akakutafutie sindano, atakuletea sindano, uzi, fundi cherehani na swali kuhusu nguo yenyewe.

Ndiyo maana alasiri ile, Voi ikiwaka joto na mbuzi wa mjini wamejilaza vivulini mwa maduka, Hillary akiwa ameshalifunga jalada la Lewis Maghanga moyoni mwake, Rita alikuwa bado amesimama katika chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, akitazama uzi ukivutwa ndani ya kompyuta. Ulivutwa, ukanyooka, ukakatika, kisha ukajiunga na kuanza upya.

"Huo uzi uko wapi?" aliuliza.

"Haupo," alisema Daktari Mumbe Nzomo. "Ni hesabu tu."

"Sasa hesabu inakatikaje?"

Mumbe akacheka. Alikuwa mwanamke mfupi, Mkamba wa Kibwezi, miwani yake imefungwa kamba shingoni asiipoteze. Chuo kikuu kilikuwa kimemleta afanye kazi na akina mama wanaofuga viwavi wa hariri huko Wusi, milimani. Kazi yake ilikuwa kuihoji kompyuta juu ya vitu vilivyoumbwa kwa protini, yaani hariri, nywele, kucha na ngozi: vinabeba uzito gani, vinanyooka kiasi gani, vinakatika lini. Rita alipoelezwa kazi hiyo mara ya kwanza alimwonea wivu. Mtu anauliza mchana kutwa na hakuna anayemwambia anachelewesha kesi.

Mkasa wenyewe ulikuwa hivi. Tom Mwakio, fundi wa minara ya simu, alikuwa akijaribu mkanda wa kujifungia uliofumwa kwa hariri ya Wusi. Akina mama walitaka kuwauzia mafundi mikanda hiyo, kwa kuwa ni myepesi na haichoshi kiuno. Fundi akipanda mnara hujifunga mikanda miwili, mmoja wa kawaida na mmoja wa hariri. Tom aliufungua ule wa kawaida ili ahamie upande wa pili wa chuma, mguu ukateleza, na mkanda wa hariri uliopaswa kumdaka ukakatika. Sasa alikuwa hospitalini, mgongo umevunjika, hajatamka neno.

Mtu pekee aliyekuwa naye pale mnarani ni Lewis, fundi mwenzake. Juma lilelile walikuwa wamegombana mbele ya watu, na Lewis alipokamatwa alikutwa na kisu mfukoni. Kesho yake mchana angefikishwa kortini kwa jaribio la kuua. Tom akifa, shtaka lingebadilika liwe zito zaidi, na Lewis hakuwa ametimiza hata miaka thelathini.

"Nieleze kama unavyomweleza nyanya yako," Rita alisema, akivuta kiti.

"Nyanya yangu alifundisha hesabu."

"Basi nieleze kama unavyomweleza wangu."

Mumbe aliusimamisha uzi wa kwenye kioo na kuukuza mpaka ukawa shanga nyingi zilizotungwa. "Hariri ni minyororo mirefu ya protini. Kuna mahali minyororo inalala pamoja na kushikana, hapa, hapa na hapa. Viite vifundo. Kati ya kifundo na kifundo kuna sehemu legevu. Ukiuvuta uzi, vifundo ndivyo vinaufanya uwe mgumu mwanzoni. Halafu sehemu legevu zinanyooka, zinakula kile kishindo. Uzi mzuri unanyooka sana kabla haujakatika. Kompyuta inavuta kila ushanga na kuhesabu."

"Na huo mstari mweusi?"

"Ni vile kompyuta ilisema hariri ya Wusi itafanya. Mwekundu ni nyuzi halisi za mkanda wa Tom. Nimezivuta leo kwa ile mashine ndogo."

Rita aliinama. Mistari miwili ilianza pamoja na kupanda pamoja, kisha mwekundu ukakoma ghafla, mweusi ukaendelea mbali. Alitazama kwa muda. Halafu akauliza lile swali alilolibeba tangu ngazini.

"Na kama kosa ni la kompyuta yako, Daktari? Wewe ndiye uliyesema mkanda utamdaka mtu."

Mumbe aliivua miwani. "Nimejiuliza hivyo tangu aanguke. Nikilala naliona hilo swali."

"Jibu?"

Mumbe alifungua kabati, akatoa mkanda mwingine wa kikundi kilekile cha akina mama wa Wusi, akachomoa nyuzi mbele ya macho ya Rita na kuziweka kwenye mashine moja baada ya nyingine. Mashine ilinguruma kidogo. Kwenye kioo, mstari wa kijani ulipanda juu ya ule mweusi, ukaufuata mpaka mwisho, ndipo nyuzi zikakatika. Mumbe alirudia mara kadhaa na mistari ikalingana kila mara.

"Kuhusu huu, kompyuta haikukosea," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Sasa tuiulize kuhusu ule wa Tom."

"Anza na kisu. Bosi wangu anakipenda."

"Kisu kinakata mahali pamoja. Mimi nimechukua nyuzi mbali na palipokatika, karibu mkono mzima. Zote ni dhaifu."

"Maji? Huko juu mnarani ni ukungu mtupu."

Mumbe aliandika kidogo na kuiacha kompyuta ipige hesabu. Mstari wa buluu ulitokea, umelala tangu mwanzo. "Hariri ikilowa inalegea kuanzia hatua ya kwanza. Mwekundu haukulegea. Umeanza imara."

"Jua."

"Jua linakula nje kwanza, kama rangi ya mlango. Hizi nyuzi zote hazitofautiani, za juu na za chini."

Rita aligonga meno kwa kalamu. "Unasema vifundo ndivyo vinaleta ule ugumu wa mwanzo. Kwa hiyo vifundo havijaguswa. Basi shida iko kwenye hiyo minyororo inayoviunganisha. Je, ukiifanya mifupi?"

Mumbe alimtazama, kisha akageukia kompyuta haraka. Alipunguza urefu wa minyororo na kusubiri. Alipunguza tena. Katika jaribio la tatu mstari mpya ulikuja kulala juu ya ule mwekundu, ukapanda nao, ukakoma nao.

Rita alihisi ile raha yake ya zamani, raha ya jambo linalokubali kufunguka.

"Ni kama ua," alisema Mumbe polepole. "Nguzo bado zimesimama, waya umekatwakatwa. Mkanda utambeba mtu aliyetulia. Kishindo hapana."

"Nini kinakata minyororo ya protini?"

"Vitu vichache. Moto wa muda mrefu. Kitu kikali cha upande wa magadi. Au asidi."

Neno la mwisho liliiondoa raha yote. Katika jalada la Hillary kulikuwa na ovaroli ya Lewis, imejaa matundu madogo ya kuungua, na fundi wa gereji alishasema ni asidi ya betri. Rita alikuja kumtafutia Lewis mlango, akajikuta ameshika kufuli.

Hillary alipopata habari hiyo kwenye korido ya kituo, alimpiga begani kwa furaha. "Asidi kwenye mkanda! Hiyo hata sikuwa nayo. Lisemwalo lipo, Rita. Umenimalizia kazi."

"Sijamaliza, Afande."

"Wewe huwa humalizi. Korti ni kesho mchana. Mpaka hapo, uliza unavyotaka."

Lewis aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiburuta viatu visivyo na kamba. Alikuwa kijana mrefu, mikono mikubwa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Konstebo Mohammed, mwenyeji wa Taveta aliyekuwa akifanya kazi na Rita, alimvutia kiti na kuketi pembeni.

"Ovaroli yako ina matundu," Rita alianza.

"Ni betri, madam. Chini ya mnara kuna mabetri kubwa za stima ikipotea. Mimi ndio hubadilisha. Tom hapendi, anasema zinanuka."

"Asidi ilifika kwenye mkanda wake?"

"Haiwezi. Huo mkanda hakuna mtu angeushika. Huyo jamaa alikuwa anauvaa hata akienda kununua unga. Siku ya kupanda anaufunga mwenyewe, anaufungua mwenyewe."

"Kwa nini aupende hivyo?"

Lewis karibu atabasamu. "Alifanyiwa na mathee wake. Ule wa kwanza wa group ulikuwa unamchuna hapa kiunoni, akaenda kumlilia mamake. Tulimcheka wiki mzima. Akarudi na huu mwingine, laini kabisa, akawa anaturingia."

Rita aliacha kuandika. "Mama yake si yumo katika kikundi hichohicho?"

"Yumo. Lakini huu alimfanyia kando, nyumbani kwake."

"Mlikosana nini na Tom?"

Tabasamu likaondoka. "Cheo. Walimpa usimamizi na mimi ndiye nilianza kazi mbele yake. Nikamwambia... nilimwambia siku moja ataanguka, na mimi nitakuwa nasimama tu nikimwangalia." Alifunika uso kwa ile mikono mikubwa. "Ni maneno tu, madam. Na ikawa hivyohivyo. Nilisimama nikamwangalia. Singeweza kufanya kitu."

Rita alikuwa amesikia waongo wengi wakilia, tena wengine walilia vizuri kuliko Lewis. Machozi hayakumwambia lolote. Kilichomshika ni ule mkanda uliotengenezwa kando. Hata hivyo asidi ilikuwa bado mezani, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Waliinama juu ya mkanda wenyewe, yeye na Mohammed, katika chumba cha vielelezo. Ulikuwa umekatika katikati. Kwenye ncha moja ulikunjwa kufanya tundu la ndoano ya chuma, na mkunjo huo ulishonwa kwa cherehani, mshono juu ya mshono. Rita aliugusa kwa ukucha.

"Huu uzi wa cherehani ni hariri?"

Mohammed aliuinua kwenye mwanga. "Hapana, Afande. Huu ni nailoni. Tazama unavyong'aa. Tena mzima kabisa, haukukatika hata mmoja."

"Mzima," Rita alirudia. "Asidi inaipenda nailoni?"

"Wallahi sijui."

"Twende tukaulize asidi yenyewe."

Waliandika walichotaka kufanya, wote wawili wakatia sahihi, kisha Rita akakata kipande cha uzi kilichokuwa kikining'inia kwenye mshono. Gereji ya kituo iliwapa asidi kidogo iliyomiminwa kutoka betri kuukuu ya gari. Wakakitumbukiza kile kipande ndani ya gilasi, wakaenda kunywa chai na mahamri. Waliporudi, Mohammed alikigusa kwa kijiti. Uzi uliokuwa mgumu ulikuwa umevimba na kulegea, na alipouinua ukaachana.

"Subhanallah," alisema. "Umekuwa uji."

"Mkanda ukimwagiwa asidi baada ya kushonwa, mshono huu unakuwa uji," Rita alisema. "Na mshono ni mzima. Kwa hiyo haukumwagiwa asidi baada ya kushonwa."

"Na kabla ya kushonwa, Lewis alikuwa hajauona."

"Umeanza kuugua ugonjwa wangu, Mohammed."

Bado alitaka jambo moja. Aliufumua mkunjo, akachomoa nyuzi za hariri kutoka ndani kabisa, mahali ambapo jua, jasho wala mkono wa mtu havikufika tangu siku ya cherehani. Akazipeleka mwenyewe kwa Mumbe, na usiku simu ikaja.

"Ni dhaifu vilevile," Mumbe alisema. "Mstari ni uleule mwekundu. Inspekta, hii hariri ilikuwa imekwisha kabla haijafumwa."

"Asidi nimeitoa. Umebaki na nini kwenye orodha yako?"

"Moto na magadi. Lakini magadi hutumika Wusi kila siku. Hariri ikitoka kwa kiwavi ina gundi, lazima ichemshwe na magadi kidogo ili gundi itoke. Nimewaonyesha mwenyewe kipimo na muda. Na mkanda wao mwingine si umeuona? Ni mzima."

"Huo umetengenezwa na kikundi," Rita alisema. "Huu wa Tom umetengenezwa na mama."

Asubuhi yake gari lilipanda kutoka Mwatate, kona juu ya kona, joto la Voi likibaki bondeni na ukungu ukiwalaki njiani. Mashamba ya Wusi yalining'inia kwenye miteremko, migomba juu, mahindi katikati, na siku hizi pembezoni mwa mashamba miforosadi iliyochumwa majani ya kulisha viwavi mpaka ikabaki vijiti. Mohammed alijifunika shuka. Alisema baridi hii ndiyo iliyowafanya wazee wake wabaki Taveta.

Nyumba ya Susan Mwakio ilikuwa ya matofali, na jiko lake la kuni lilijengwa kando. Rita alikuwa ameshakutana na mama huyo kituoni, siku Lewis alipokamatwa. Alikuwa amesimama mlangoni akimwita kijana muuaji, mama mzazi wa kijana akisikia, mpaka sauti ikamkauka, na ilibidi askari wawili wamshike mkono. Leo alikuwa mtulivu, leso imefungwa kichwani, anapika.

"Kwawuka mana, Mama Tom," Rita alisalimia.

"Nawuka mana, mwanangu. Karibuni. Mmeshampeleka kortini?"

"Mchana, Mama. Nimekuja kuuliza machache kwanza."

"Ulizeni mkila. Namfanyia Tom kimanga, maharagwe ya kuponda, nimpelekee hospitali. Hawezi kumeza vizuri, lakini harufu ataijua."

Waliketi kwenye vigoda. Ukutani, kwenye trei zilizopangwa, viwavi walikuwa wakitafuna majani, na mlio wao ulikuwa kama mvua nyepesi juu ya mabati. Susan alifunua sufuria ya maharagwe, akachota magadi kwa ncha za vidole, akayanyunyiza. Povu likapanda. Alikoroga, akachukua haragwe moja, akalifinya kati ya kidole gumba na cha shahada. Lilipinga kidogo. Akalitupa na kuongeza magadi.

Rita alikuwa akiitazama ile mikono.

"Mama, hariri mnaichemsha namna gani?"

"Kwenye kikundi? Vile Daktari alitufundisha. Magadi yanapimwa kwa kijiko, halafu wale wasichana wanaangalia saa ya simu. Saa ikilia wameepua." Alitikisa kichwa. "Ndiyo maana inatoka ngumu. Kitu hakijaiva wameshaepua. Saa itajuaje kitu kimeiva?"

"Na wewe unajuaje?"

"Kwa mkono, mwanangu. Kitu kikiiva hakikurudishii mkono." Alifinya haragwe jingine, likapondeka, akawaonyesha. "Hivi."

Mohammed aliiacha sahani aliyopewa. Rita hakumtazama, asije akamwonyesha mama yule kitu usoni.

"Ya Tom uliifanya mwenyewe?"

"Kwani angefanyiwa na nani?" Susan alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wafike alionekana kufurahi. "Alikuja hapa kiuno kimechubuka, mtu mzima na ndevu zake, ananionyesha. Nikamwambia kaa. Nikachukua hariri yangu, si ya kikundi, nikaipika kama unavyopika maharagwe ya mwaka juzi. Magadi ya kutosha. Moto wa pole. Usiku nikaiacha juu ya makaa mpaka alfajiri. Mvumilivu hula mbivu. Asubuhi kuifinya, laini, hujapata kuona. Nikaifuma, nikaipeleka kwa fundi wa cherehani hapo sokoni. Tom alipouvaa alisema, mama, huu hata sijui kama nimeuvaa."

Kuni zililia jikoni. Rita alikuwa ameshapata alichokifuata, na hakukifurahia hata kidogo. Kesi nyingine zilipofunguka alitaka kumpigia mtu simu. Hii alitamani angeifunga tena.

"Ilibaki yoyote?"

"Ilibaki. Nilitaka kumfanyia wa pili." Susan alifuta mikono kwenye leso ya kiunoni, akaingia nyumbani, akarudi na fungu dogo jeupe lililoviringishwa kwenye karatasi. "Shika uone ulaini."

Rita alishika. Ilikuwa laini kweli, laini kuliko hariri yoyote aliyowahi kugusa. "Na ya kikundi?"

Susan alimletea na hiyo, kutoka kwenye kikapu cha kazi. Rita alichomoa uzi mmoja kutoka fungu la kikundi, akauzungusha vidoleni, akavuta. Ulijikaza, ukazama kwenye ngozi mpaka kidole kikawa cheupe, na haukukatika. Akachukua wa pili, kutoka lile fungu laini. Alivuta kwa nguvu ya kufungua kifungo cha shati. Ukaachana.

Jalada lilihitaji maelezo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi, na njiani alikuwa amepanga namna ya kumweleza mama huyu, kwa upole na kwa mpangilio. Sasa mpango wote ulimtoka.

Susan aliutazama mkono wa Rita, akatazama fungu. "Umeshika vibaya," alisema.

Alichukua uzi yeye mwenyewe, ule laini. Ukakatika. Akachukua mwingine, safari hii kwa uangalifu, akiuzungusha vizuri kama mtu anayemfundisha mtoto. Ukakatika. Alichukua nyuzi tatu pamoja, kisha tano, na kila mara zilikatika bila kelele, vipande vikimwangukia mapajani. Halafu akauchukua uzi wa kikundi, ule wa wasichana wa saa ya simu. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Aliachilia alipoona damu kwenye kidole.

Maharagwe yalifurika na kuzima moto upande mmoja. Mohammed aliinuka akaiepua sufuria, kwa kuwa hakujua la kufanya lingine.

"Magadi," Susan alisema.

"Magadi na moto wa usiku mzima," Rita alisema. "Hukujua, Mama. Hata Daktari hakuwahi kukwambia kwamba ulaini ukizidi ni ugonjwa. Hakuna kesi hapa. Hakuna mtu aliyefanya uhalifu. Lakini nahitaji uniambie tena yote, niandike, utie sahihi. Bila hivyo Lewis anaingia kortini mchana huu."

Susan alikaa akizitazama zile nyuzi mapajani. Hakulia. Rita alingoja, akaona kungoja huko ni kugumu kuliko mahojiano yote aliyowahi kufanya, na hakuwa na swali hata moja.

"Andika," Susan alisema hatimaye.

Alieleza yote tangu mwanzo, polepole, bila kuacha kitu, magadi kiasi gani, makaa ya kuni zipi. Alitia sahihi jina lake lote. Kisha alipakua kimanga cha Tom kwenye bakuli, akalifunika kwa sahani, akalifunga kwa kitambaa na kufunga mlango wa nyumba.

"Tutapitia hospitali kwanza, Mama," Rita alisema akimfungulia mlango wa gari. "Ni njiani."

Susan alitikisa kichwa. "Tom nitamwambia mwenyewe, na ana haki ya kusikia nikiwa nimesimama vizuri. Nipelekeni kwa Lewis kwanza. Nilimwita muuaji mbele ya mama yake, na mama yake hakunijibu neno."